Sheria ya sigara ianzie chini ya paa, si barabarani



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nichangie mjadala usiokwisha, yaani mjadala wa kuzuia uvutaji wa sigara mahali pa watu wengi. Kila linapotajwa jambo la halmashauri kutunga sheria ndogo ya kuzuia uvutaji, wananchi hugawanyika mara moja makundi mawili. Kundi la kwanza husema sigara ni sumu, kwa hiyo ipigwe marufuku kila mahali hata barabarani. Kundi la pili husema huo ni uonevu, kwa kuwa mtu mzima ana haki ya kuvuta sigara aliyoinunua kwa fedha yake halali.

Mimi nasema makundi yote mawili yanamsahau mtu mmoja, naye ndiye anayepaswa kutajwa kwanza. Mtu huyo ni mfanyakazi. Mvutaji anaweza kuzima sigara yake au kutoka nje. Asiyevuta anaweza kuhama meza au kwenda zake nyumbani. Lakini mhudumu wa baa, mpishi, mpiga muziki, mlinzi wa mlangoni na mfagiaji hawawezi kuondoka, maana pale ndipo penye mkate wao. Wanavuta moshi wa kila mteja aliyeingia tangu milango ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa.

Haya siyasemi kwa kusimuliwa. Nimefanya kazi ya uhudumu wa baa na mahoteli kwa miaka kumi na mmoja. Mahali pamoja nilipofanya kazi palikuwa na ukumbi wa ndani wenye kiyoyozi, na madirisha yalifungwa ili baridi isitoke. Kona moja iliandikwa kuwa ni sehemu ya wavutaji. Kibao kilikuwapo, lakini moshi haujui kusoma. Ilipofika saa nne usiku ukumbi wote ulikuwa kona ya wavutaji. Mteja alikaa saa mbili au tatu akaondoka. Sisi tulikaa saa kumi, na siku za sikukuu zaidi ya hapo. Tulipofika nyumbani watoto walituambia tunanuka sigara, na wengi wetu hatukuwa tumevuta hata moja maishani.

Katika kazi hiyo tulikuwa na mwenzetu mjamzito. Aliomba ahamishiwe nje, kwenye meza za uani. Akajibiwa kwamba kazi ndiyo hiyo, na asiyeiweza wapo wengi wanaoitafuta. Akaendelea kuokota visahani vya majivu mpaka mwezi wa nane wa mimba yake. Sitaji jina la mahali pale, kwa sababu sijaandika ili kumshitaki mtu mmoja. Nauliza tu: Je, haki ya mteja kuvuta akiwa amekaa kitini ni kubwa kuliko haki ya yule mama kutafuta riziki bila kuvutishwa moshi?

Wapo wanaosema moshi wa mwenzako ni kero tu, hauna madhara. Hoja hiyo ilikwisha nguvu zamani. Mwaka 1981 mtaalamu wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya uchunguzi wa wake 91,540 wasiovuta sigara, waliofuatiliwa kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walikuwa wavutaji wakubwa walikufa kwa kansa ya mapafu zaidi ya wale ambao waume zao hawakuvuta. Wanawake wale hawakuwasha sigara. Waliishi nyumba moja na anayeiwasha, basi. Tangu hapo uchunguzi mwingine mwingi umefanyika, na mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha moshi wa sigara kisicho na hatari kwa asiyevuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja ni watu wasiovuta.

Kwa anayetaka mfano wa karibu, kila mmoja wetu anajua kwamba hulali na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi inayoua watu namna hiyo, kaboni monoksidi, imo pia katika moshi wa sigara. Kiasi ni kidogo kuliko cha jiko, ni kweli. Lakini jiko la mkaa hatulali nalo kila usiku kwa miaka kumi na mmoja.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, maana si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni uhuru. Wanauliza, je, tumefika mahali ambapo serikali inamfuata mtu mpaka mdomoni? Nami nakubali kabisa kwamba mtu mzima ana hiari ya kuvuta. Sheria ninayoitaka haimzuii kuvuta. Inamwambia tu asivutie mahali ambapo mwingine hana njia ya kuukwepa moshi wake. Tumekwisha kulizoea jambo hili bila kelele. Zamani abiria wa ndege walivuta angani. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilizitaka nchi wanachama zikomeshe uvutaji katika safari za ndege za kimataifa ifikapo tarehe 1 Julai 1996. Leo mvutaji mkubwa kuliko wote husafiri saa nyingi bila kuwasha sigara, akashuka salama, na sijamsikia anayesema ameporwa uhuru wake. Kama mhudumu wa ndege anastahili hewa safi, mhudumu wa baa amekosa nini?

Hoja ya pili ni biashara. Wenye baa wanasema wateja watakimbia. Lakini watakimbilia wapi, ikiwa sheria ni moja kwa mji mzima? Mteja hukimbia pale ambapo baa moja imezuia na jirani yake hajazuia. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachwa kwa hiari ya kila mwenye baa, kwa maana hata yule mwema anaogopa kuwa wa kwanza. Nchi ya Ireland, ambayo watu wake wanajulikana dunia nzima kwa kupenda baa zao, ilizuia uvutaji ndani ya sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, tangu tarehe 29 Machi 2004. Nayo ilifanya hivyo kwa ajili ya kulinda wafanyakazi. Baa za Ireland zingalipo, na wavutaji husimama nje ya mlango, wakavuta, wakarudi kumalizia bia zao.

Tena sisi tuna nafuu ambayo watu wa nchi za baridi hawana. Baa zetu nyingi zina uwanja, mwembe na hewa ya bure. Kumwambia mvutaji wa Mwanza au Tanga atoke nje ya paa la makuti si kumtupa kwenye theluji.

Hoja ya tatu ni ya mkulima wa tumbaku, na mimi naiheshimu. Watu wa Tabora, Urambo, Kaliua na Chunya wamesomesha watoto kwa tumbaku ya mvuke, na ndugu zetu wa Ruvuma kwa tumbaku ya moshi. Lakini tusimtumie mkulima kama ngao. Sehemu kubwa ya tumbaku ya nchi yetu huuzwa nje. Bei anayoipata mkulima kwenye chama chake cha msingi haitokani na sigara tatu zilizovutiwa ndani ya ukumbi wa Mwanza badala ya nje ya mlango. Mkulima ana matatizo yake ya kweli, kama vile pembejeo, malipo yanayochelewa, na kuni za kukaushia zinazomaliza misitu. Anayempenda amsaidie katika hayo.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya mgambo. Wananchi wanasema, sheria hii itakuwa mtego wa kukamatia watu stendi na sokoni, na kila sigara itageuka kuwa fedha ya chai ya mtu. Hapa nakubaliana na wanaopinga kuliko na baadhi ya wanaounga mkono. Anayetaka sigara ipigwe marufuku barabarani kwanza, na baa zifuate baadaye, ameishika sheria kichwa chini miguu juu. Barabarani moshi hupeperuka, na mpita njia anakutana nao kwa nukta chache. Ndani ya ukumbi moshi unakaa, na mfanyakazi anakaa nao. Ukianza na barabara utamkamata mbeba mizigo aliyenunua sigara moja kwa machinga akapumzika kwenye kivuli. Mkubwa aliyekaa kwenye kochi la hoteli hutamgusa. Sheria ya namna hiyo hailindi afya ya mtu. Inawinda wanyonge tu.

Majirani zetu wametuonyesha. Mwaka 2007 miji ya Nakuru na Nairobi nchini Kenya ilitumia sheria zake ndogo kuzuia uvutaji hadharani, kabla ya sheria ya nchi nzima ya mwaka huohuo, iliyoanza kutumika Julai 2008. Hilo lilikuwa tendo la ujasiri na linastahili sifa. Lakini katika jiji la Nairobi yaliyosikika sana baadaye yalikuwa malalamiko ya watu kukamatwa mitaani na kudaiwa hongo. Jambo jema lilipata sifa mbaya kwa sababu ya namna ya kulitekeleza. Tusirudie kosa hilo.

Wala tusidhani kwamba njia ya mkato ni amri. Julai 2016 shisha ilipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa amri ya Mkuu wa Mkoa, na watu walishangilia. Kenya nayo mwaka 2006 ilijaribu kuzuia uvutaji hadharani kwa tangazo la Waziri wa Afya, na makampuni ya sigara yakaenda mahakamani, tangazo likasimamishwa. Amri hutegemea nguvu ya aliyeitoa. Sheria iliyojadiliwa, ikaandikwa na kutangazwa, huwabana hata wale wanaoisimamia, na mwananchi anaweza kuishika mkononi akasema hapa umenionea.

Sheria ya nchi tunayo. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003, ikazuia uvutaji katika sehemu kadhaa za umma na kukataza kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Lakini iliacha mwanya wa kutenga sehemu za wavutaji, na mwanya huo ndio mama wa ile kona niliyoieleza. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Mwaka huohuo nchi za mkataba zilikutana Bangkok zikakubaliana mwongozo unaosema kwamba kutenga vyumba vya wavutaji na kuweka mitambo ya kusafisha hewa hakutoshi. Kinachotosha ni kutovuta kabisa ndani. Sisi tulioshinda katika kona hizo tungeweza kuwaambia hivyo bila hata kwenda Bangkok.

Basi halmashauri yoyote inayotaka kutunga sheria ndogo, napendekeza iyafikirie haya.

Kwanza, sheria ihusu sehemu zenye paa ambamo watu wanafanya kazi au kuhudumiwa. Hizo ni baa, hoteli, migahawa, kumbi za muziki, ofisi, maduka, na vyombo vya abiria. Uwanja wazi, kivuli cha mti na barabara viachwe nje ya sheria, ila mvutaji akae mbali kidogo na mlango na madirisha ili moshi usirudi ndani.

Pili, wa kuwajibika kwanza awe mwenye mahali, si mvutaji. Mwenye baa ndiye mwenye leseni, ndiye anayejulikana alipo, na ndiye anayeweza kuondoa visahani vya majivu mezani na kumwambia mteja kwa heshima atoke nje. Afisa afya anayekagua choo na jiko akague na hili katika safari hiyohiyo. Hakuna haja ya kuandaa kikosi cha kukimbizana na watu wenye sigara.

Tatu, faini isilipwe mkononi mwa mtu. Ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kama tunavyolipa malipo mengine ya serikali, na mkaguzi asiruhusiwe kupokea hata senti moja. Anayetoza faini mkononi ahesabiwe kuwa amevunja sheria yeye mwenyewe.

Nne, mfanyakazi atakayetoa taarifa kwamba sheria inavunjwa kazini kwake asifukuzwe wala kupunguziwa zamu kwa sababu hiyo. Pasipo kifungu hiki sheria yote itakuwa pambo la ukutani. Sisi wahudumu wengi tunafanya kazi bila mkataba wa maandishi, na nani atakayepeleka taarifa ili kesho akose kazi?

Tano, watu waelimishwe miezi kadhaa kabla ya faini kuanza. Mtu asiadhibiwe kwa jambo ambalo hajaelezwa.

Iko sababu ya kusema sheria za miji midogo zinaweza kuleta tofauti. Mji wa Helena, katika jimbo la Montana huko Marekani, ulizuia uvutaji ndani ya sehemu za kazi na za umma mwaka 2002, ukiwa na ubishi uleule tulio nao sisi. Katika miezi sita ya sheria hiyo, wakazi wa eneo hilo waliolazwa hospitali kwa shtuko la moyo walikuwa 24, wakati miezi kama hiyo ya miaka mingine wastani ulikuwa 40. Sheria ikasimamishwa na mahakama, na idadi ikapanda tena. Wapo waliosema mji ni mdogo na hesabu hiyo haitoshi kuwa ushahidi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini uchunguzi uliofanyika baadaye katika sehemu kubwa zaidi ulionyesha kwamba punguzo lipo, ingawa ni dogo kuliko la Helena. Hata likiwa dogo, ni la roho za watu.

Namalizia kwa kuwakumbusha wananchi wenzangu kwamba sheria ndogo haishuki kutoka mbinguni. Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, halmashauri ndiyo inayoitunga, nayo inatakiwa kuwatangazia wakazi ili watoe maoni na pingamizi zao kabla haijapelekwa kwa Waziri kuidhinishwa. Tangazo hilo mara nyingi hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, likaliwa na jua bila kusomwa. Kisha sheria ikipita tunaanza kulalamika. Mwenye baa aende akaseme anachokiogopa. Mvutaji naye aende akaseme anataka atengewe wapi. Nasi wahudumu, wapishi na walinzi twende, hata kama ni saa ya kulala baada ya zamu ya usiku, maana tusipokwenda tutasemewa na watu ambao hawajawahi kufuta meza yenye majivu.

Nawaomba madiwani wetu popote walipo, litakapofika jambo hili mezani kwao, wasiulize tu kama wavutaji wamekasirika au wamefurahi. Waulize ni nani anayebaki ndani baada ya wateja wote kuondoka.

Mhudumu wa Baa,
Mwanza.